Kitanda Rahisi na Anayekilipia

Mwaka 2023 nilihudhuria kongamano la kitaaluma mjini Las Vegas, Marekani. Posho ya safari ilikuwa ndogo, kwa hiyo nilitafuta hoteli ya bei ya chini kabisa kwenye barabara kuu ya kasino. Nilipata chumba kwa dola 32 kwa usiku, nikajipongeza kwa werevu wangu. Leo werevu ule unanitia aibu, na ninaomba nieleze kwa nini.

Mapokezini niliongezewa ada ya huduma za hoteli, zaidi ya dola 40 kwa kila usiku, ambayo sikuionyeshwa mwanzoni. Ilikuwa kabla ya Mei 2025, serikali ya shirikisho ilipoanza kuzilazimisha hoteli kutangaza bei kamili tangu mwanzo. Hata baada ya ada hiyo, chumba kilibaki nafuu kuliko hoteli iliyofanyiwa kongamano. Waswahili husema rahisi ni ghali. Swali ni ghali kwa nani.

Jibu lilikuwa ghorofa ya chini. Ili ufike kwenye lifti, kwenye mgahawa au kwenye mlango wa kutokea, ilikupasa upite katikati ya mamia ya mashine za kamari. Hapakuwa na saa ukutani wala dirisha. Vinywaji vilikuwa bure kwa anayecheza. Alfajiri ya siku ya pili, nikishuka kutafuta kahawa, nilimkuta bibi mmoja kwenye mashine ileile niliyomwacha usiku, na nguo zilezile. Hakuonekana kufurahi wala kuhuzunika. Alikuwa akibonyeza tu. Mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, aliyewachunguza wachezaji wa mashine mjini humo na kuchapisha kitabu chake Addiction by Design mwaka 2012, anaonyesha kwamba waliozama hawachezi tena ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza.

Hapo ndipo nilipoielewa hesabu ya chumba changu. Mwenye hoteli hakutegemea faida yote itoke kitandani. Kitanda ni chambo. Faida nyingine iko kwenye mashine na meza. Mimi nisiyecheza nililala kwa fedha ya bibi yule.

Wala nyumba ya kamari haihitaji kumdanganya mtu. Gurudumu la ruleti la Kimarekani lina vijitundu 38. Weka dola moja katika kila kijitundu: umetoa dola 38, na unarudishiwa 36. Kila mzunguko, usiku na mchana, nyumba inajikatia zaidi kidogo ya dola 5 katika kila 100. Mmoja mmoja hushinda. Umma wa wachezaji haushindi kamwe.

Wapo wasomi wenzangu, na wapo watumishi wa serikali, ambao hunijibu kwa kuitaja Nevada yenyewe. Husema jimbo lile lilihalalisha kamari mwaka 1931, katikati ya Mdororo Mkuu wa uchumi. Leo wakazi wake hawalipi kodi ya jimbo juu ya mapato yao binafsi, na kasino zimeajiri maelfu. Kwa nini nasi tusifuate njia hiyo?

Ninajibu kwamba wamelisoma somo nusu. Nevada hustawi kwa sababu sehemu kubwa ya wanaopoteza fedha Las Vegas ni wageni. Mgeni huacha fedha yake pale, kisha hupanda ndege na kurudi kwao na hasara yake: deni, ndoa iliyovunjika, ada ya mtoto iliyoliwa. Jimbo hubaki na kodi. Madhara husambaa kwingine. Na bado wakazi wenyewe hawakusalimika, maana wengi wa wale aliowachunguza Schüll walikuwa watu wa mji uleule. Kuhusu ajira, mhudumu wa vyumba wa Las Vegas anapata ujira wa heshima kwa sababu chama chake cha wafanyakazi kimeupigania kwa miongo mingi. Kamari haikumpa zawadi hiyo.

Sasa tujitazame. Anayepoteza Manzese anaishi Manzese. Hapandi ndege. Fedha anayoitia katika mashine za kumeza sarafu, zile vijana huziita dubwi, au anayoituma kwa simu kuweka mkeka, ni fedha ya unga, ya kodi ya chumba na ya dawa. Serikali inapokusanya kodi katika fedha hiyo, inachukua kwa mkono mmoja kile itakachodaiwa kwa mkono mwingine, hospitalini, shuleni na mahakamani.

Na mkeka ni mkali kuliko ruleti. Tuseme kampuni inajikatia asilimia 5 tu kwa kila mechi. Kijana anayeunganisha mechi kumi ili apate kitita hakatwi asilimia 5. Makato huzidishana, hata kwa wastani katika kila shilingi 100 anazoweka hupoteza takriban 40. Kisha timu moja ikifungwa dakika za mwisho, mkeka unachanika, naye anaamini kwamba alikosa kidogo tu. Hakukosa kidogo. Alikuwa amekwisha kukatwa kabla mpira haujaanza.

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa tatu aliniambia hivyohivyo ofisini kwangu: “Nimekosa mechi moja tu, Daktari.” Fedha za kujikimu, lile bumu, zilikwisha katika wiki mbili, na ada aliyotumiwa na mama yake ikafuata. Alikuja kuniomba nimwombee kibali cha kufanya mtihani. Sikuwa na mamlaka hayo. Aliahirisha masomo.

Nilimwonya, kama ilivyo desturi ya walimu, juu ya tamaa. Baadaye nilijiuliza nina haki gani. Mshahara wangu hutoka katika mfuko uleule unaoingiza kodi ya mikeka. Kwa maana hiyo ningali mgeni wa hoteli ile, nami ndugu msomaji mtumishi wa umma ninakuona chumba cha jirani.

Sidai kamari ipigwe marufuku. Ikifukuzwa barazani itahamia uani. Nadai mambo matatu. Matangazo yake yaondolewe katika matangazo ya mpira yanayotazamwa na watoto. Mashine za sarafu ziondolewe katika vibanda vya mitaani, ambako sharti la kisheria la umri wa miaka 18 halina wa kulisimamia. Na kila serikali inapotutangazia kodi iliyokusanya katika michezo ya kubahatisha, itutangazie pia, katika ukurasa uleule, ni kiasi gani wananchi walipoteza ili kodi hiyo ipatikane.

Dai la tatu ndilo jepesi kutekeleza kuliko yote, maana kampuni ya mikeka haiwezi kukokotolewa kodi bila hesabu zake kujulikana. Tarakimu ipo. Tuonyeshwe bei kamili ya kitanda tunacholalia.