Apewaye Mfumo Mpya Apewe na Wasaa

KAULI YA KUSINI
Na Yusufu Kalembo

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, mfumo uliotolewa Julai 2015 na ambao, kwa muda wa miaka kumi, ulizoeleka katika ofisi, shule na maduka ya nchi hii hata wako vijana wachapaji ambao hawakupata kuijua kompyuta kwa sura nyingine. Siku hiyo mashine hazikuzimika, wala faili la mtu halikupotea. Kilichokoma ni yale masahihisho ya kila mwezi ambayo kwayo kampuni huziba mianya inayogunduliwa na wahalifu wa mitandaoni. Walakini tangu hapo kila mwenye mashine ya namna hiyo amekabiliwa na mambo matatu ya kuchagua: ahamie Windows 11, ahamie mfumo mwingine kabisa, au abaki alipo na kuipokea hatari itakayomfika. Na mwezi wenyewe wa Oktoba ni ule ambao minada ya korosho hufunguliwa katika mikoa ya Mtwara, Lindi na Ruvuma, wakati ambapo kazi za makaratasi huku kwetu Nalasi huwa nyingi kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.

Msomaji aliye mbali aweza kudhani kwamba habari za mifumo ya kompyuta ni za Dar es Salaam na Dodoma, wala haziwahusu watu wa Nalasi, kusini mwa wilaya ya Tunduru, jirani na mto Ruvuma na mpaka wa Msumbiji. Dhana hiyo haina msingi. Korosho ya mkulima wa hapa huingia ghalani kwa stakabadhi, na tangu msimu wa 2024/2025 minada yake huendeshwa katika mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania, ambamo wanunuzi hutoa bei zao kwa njia ya kompyuta. Malipo yake hupitia benki, na tarakimu moja ya akaunti ikikosewa katika orodha, mtu aliyepalilia mwaka mzima hungoja fedha yake huku wenzake wamekwisha kulipwa. Mtoto wake aliyemaliza kidato cha nne hubadili tahasusi kwa mtandao. Aliyefaulu kwenda chuo huomba mkopo kwa mtandao. Anayetafuta kazi serikalini hupeleka maombi kwa mtandao. Mambo yote haya, kwa asiye na kompyuta yake, hupitia katika duka la steshenari, juu ya meza moja, mbele ya kioo kimoja, na chini ya vidole vya mchapaji mmoja. Kinachomsumbua mchapaji huyo huwasumbua watu wengi ambao hawajapata hata kulisikia jina la mfumo endeshi.

Siku moja ya msimu uliopita nilikaa katika duka la namna hiyo nikingoja nakala za barua, nikamtazama binti mchapaji ambaye sifa ya wepesi wake imefika hata vijiji vya jirani. Akaingia mzee mmoja, katibu wa chama cha msingi, ameshika daftari kwapani.

“Shikamoo, babu.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nitolee nakala mbili za orodha ile ya juzi.”

“Babu, nivumilie kidogo. Jana fundi kapiga Windows mpya, na printa haisomi.”

Mzee akaketi kwenye benchi. Binti akaisogeza mausi, na mkono wake ukakimbilia pembe ya chini ya kushoto ya kioo, mahali ambapo kitufe cha kuanzia kilizoeleka tangu zama za Windows 95. Asikikute, mpaka alipokiona katikati, kwani ndipo kilipohamishiwa katika Windows 11. Akabofya kulia juu ya faili ili alinakili kwenye flashi, akapeleke kuchapishwa kwingine, na orodha ya maneno aliyoizoea haikuwa ile: kunakili na kukata vimegeuzwa vipicha vidogo, na mambo mengine yamefichwa ndani ya orodha ya pili. Kazi ambayo siku zote huifanya huku akizungumza na mteja, siku hiyo aliifanya kwa kimya, amekaza macho, akirudi nyuma mara kwa mara. Na nilimwona akiona haya, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Haya ile haikumstahili. Wengi hudhani kwamba taabu ya mfumo mpya humwangukia asiyejua, na ilhali humwangukia zaidi ajuaye. Asiyejua hana cha kupoteza, kwa kuwa popote aanzapo huanza mwanzo. Ajuaye amekwisha kutumia miaka kuipata elimu yake, nayo imeshuka kutoka kichwani ikakaa vidoleni, jambo ambalo ndilo maana ya umahiri katika kazi yoyote. Na mfumo unapobadilika, elimu hiyo iliyokaa vidoleni hugeuka kizuizi, kwa kuwa mkono hutangulia akili kwenda mahali ambapo kitu hakipo tena. Huwa kama mpishi hodari aliyeingizwa usiku katika jiko asilolijua: mapishi anayajua yote, ila chumvi haijui ilipo, na wageni wamekwisha kaa mkekani. Kumwambia mtu wa namna hii kwamba yeye ni mzito wa kujifunza ni kumdhulumu. Hata wenye kampuni walikwisha kuonja nguvu ya mazoea: walipotoa Windows 8 mwezi Oktoba 2012 bila kitufe cha kuanzia, malalamiko yalienea duniani, na mwaka uliofuata, katika Windows 8.1, kitufe kikarudishwa.

Sisi wa kusini tuna ushahidi wa kale wa jambo hili, mkubwa kuliko kompyuta. Kabla ya utawala wa Wajerumani, Kiswahili cha biashara na dini, ambacho kilisafiri na misafara kati ya Kilwa, nchi ya Wayao na Ziwa Nyasa, kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Na mwaka 1890 Machemba, mtawala wa Kiyao, alimjibu Hermann von Wissmann, kamanda wa Wajerumani, kwa barua ya Kiswahili, akikataa katakata kuwa chini ya amri yake. Skuli za serikali zilipoanzishwa katika miaka ya 1890, na shughuli za utawala zikahamia hatua kwa hatua kwenye herufi za Kirumi, watu waliokuwa wakisoma na kuandika tangu utotoni mwao, walimu wa vyuo vya Kurani, makarani wa wafanyabiashara na watunza hesabu za misafara, walijikuta wakihesabiwa miongoni mwa wasiojua kusoma. Elimu yao haikupungua hata chembe. Kilichobadilika ni kipimo. Waliovuka salama ni wale waliotambua kwamba Kiswahili ni kile kile, na kwamba kilichohama ni alama zake tu, wakajifunza alama mpya na kubaki na lugha yao. Wengine wengi, ambao hawakupewa wasaa wala mwalimu, waliachwa nyuma pamoja na ujuzi wao wote, na nchi ikapata hasara ya watu ambao tayari ilikuwa nao.

Wala sisemi haya ili mtu aukatae mfumo mpya. Njia ya kukataa nchi hii ilikwisha kuijaribu. Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974, baada ya kuona gharama zake na matatizo yake, serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini. Nia ilikuwa njema, kulinda fedha ya umma na ya kigeni. Lakini mlango ulipofunguliwa tena miaka ya baadaye, dunia ilikuwa imekwisha kwenda mbali, na vijana wetu walianza kujifunza yale ambayo wenzao walikuwa wameyazoea. Na katika jambo la usalama, kukawia kuna adhabu yake. Mwezi Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150 kwa siku chache, kikafunga faili za watu na kudai fidia, hata hospitali nyingi za Uingereza zikalazimika kuahirisha matibabu. Na masahihisho ya kuziba mwanya ule yalikuwa yametolewa tangu mwezi Machi, miezi miwili kabla. Walioumia ni wale ambao mashine zao hazikuyapata. Orodha ya wakulima iliyofungwa na wahalifu katikati ya msimu wa korosho ni msiba ambao hakuna kijiji kinachopaswa kuuhatarisha.

Kuhama, basi, ni lazima. Bali kuhama kwenda wapi ni suala la kila mtu na uwezo wake. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, hudai kumbukumbu ya GB 4, nafasi ya hifadhi ya GB 64 na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na haikubali rasmi vichakataji vingi vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 2017. Kompyuta za mtumba, ambazo ndizo tegemeo la maduka madogo na shule nyingi, aghalabu ni za umri huo au zaidi. Nyingine ni nzima kabisa, zina nguvu ya kuchapa barua na mitihani kwa miaka mingi ijayo, lakini masharti haya yanazihesabu kuwa zimekwisha. Kampuni imetoa muhula kwa watumiaji wa kawaida kuendelea kupata masahihisho ya usalama hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa masharti yake, na muhula huo unafaa kutumiwa kwa kujiandaa, si kwa kulala.

Njia nyingine ipo, nayo ni Linux, ambayo Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland, aliitangaza mwaka 1991, na ambayo mtu yeyote ana ruhusa ya kuinakili na kuitumia bila malipo. Katika matawi yake limo Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na mengine mepesi zaidi yanayokubali mashine kongwe. Wala Tanzania si mgeni katika jambo hili: mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi wa Kilinux, kilitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice yenye menyu za Kiswahili, kazi adhimu ambayo ilistahili kuenezwa na kuendelezwa kuliko ilivyofanyiwa. Kwa kuwa shughuli nyingi za serikali sasa hufanywa ndani ya kivinjari, kompyuta ya Linux yaweza kuzitimiza. Lakini nayo itamdai mchapaji kujifunza upya, pengine zaidi ya Windows 11. Bei yake ya fedha ni sifuri, na bei yake ya wasaa ni ile ile.

Wasaa ndio kitu ambacho hakimo katika bajeti zetu. Taasisi hununua mashine, hulipa fundi, huandika ripoti kwamba mfumo umewekwa, na siku ya pili humtazamia mfanyakazi atoe kazi ile ile kwa kasi ile ile. Napendekeza ada nyingine. Mfumo usibadilishwe kamwe katikati ya msimu wa korosho wala karibu na mitihani, bali baada yake, kazi zikiwa zimepungua. Kabla fundi hajaanza kupiga Windows, faili zote zinakiliwe mahali pengine, na ijulikane kama printa na skana zilizopo zitasoma katika mfumo mpya, kwa sababu kifaa kimoja kisichosoma huweza kusimamisha duka zima. Mashine ya zamani, ikiwezekana, ibaki mezani kwa muda, ikiwa haikuunganishwa na intaneti, ili mtu akikwama apate pa kumalizia kazi. Na halmashauri zinapopeleka mifumo kwenye shule, zahanati na ofisi za kata, zipeleke pia mwalimu, tena arudi baada ya wiki chache, kwani maswali ya kweli huzaliwa baada ya semina kwisha.

Lakini dawa ya kudumu imo madarasani. Mwanafunzi anayeandikishwa katika daftari kwamba abofye pembe ya kushoto, kisha abofye neno la tatu, amefundishwa sura ya mfumo mmoja, na siku sura hiyo itakapobadilishwa, daftari lake litakuwa halina maana. Afundishwe kwamba faili ni nini na linakaa wapi. Kwamba folda ni mpangilio wa akili kabla ya kuwa picha kiooni. Kwamba printa huhitaji programu ya kuiongoza. Kwamba kunakili si kuhamisha. Kwamba masahihisho ya usalama yanatoka wapi na kwa nini. Kisha aonyeshwe mifumo miwili tofauti, atafute jambo moja katika yote miwili, na ajionee mwenyewe kwamba kazi ni ile ile. Kijana aliyelelewa hivyo, mfumo ukibadilika, huuliza kitu kimehamia wapi, akakitafuta na kukipata. Hajioni mjinga, wala haoni haya mbele ya mteja.

Windows 11 nayo itafika mwisho wake, kama ilivyofika XP mwaka 2014 na Windows 7 mwaka 2020, na uamuzi huo hautapitia Nalasi wala Songea wala Dodoma. Lililo mikononi mwetu ni namna ya kuupokea: kuweka akiba ya muda kama tunavyoweka akiba ya fedha, kuwafundisha vijana kazi yenyewe kabla ya vitufe vyake, na kuwaheshimu wale ambao wamekwisha kuwa mahiri, ili mabadiliko yoyote yatakayotoka mbali yasipate kumshusha daraja mtu aliyelipanda kwa jasho lake.