Vitabu vya Vita na Mzigo wa Mpagazi

Jenerali von Lettow-Vorbeck, aliyewaongoza Wajerumani vitani katika nchi hii mwaka 1914 hadi 1918, alitoa kitabu cha kumbukumbu zake mwaka 1920. Wenzangu wengine husema vitabu vya namna hiyo vitupwe, kwani ni vya wakoloni. Mimi sikubali. Tuvisome, lakini tujiulize ni nani hakuandika.

Septemba 1914 Wajerumani wa Tukuyu, mji walioupa jina la Neu-Langenburg, walivuka mto Songwe kuishambulia Karonga, wakashindwa. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalitoka huko yakautwaa mji wetu. Wanyakyusa wa upande huu na Wangonde wa ng'ambo ni ndugu wasikilizanao lugha, lakini vita vya wageni viliwatenga. Wapagazi wa pande zote mbili walikufa kwa maelfu kwa njaa na maradhi, nao hawakuandika kitabu.

Walioviona vita wamekwisha kufa. Wamebaki wazee waliosimuliwa na babu zao. Basi likizo ijayo, kila mmoja wetu aketi na mzee, aulize, aandike. Tusipofanya hivyo, wadogo zetu watalijua jina la jenerali, wasilijue la babu yao.