Kompresheni: Neno Moja, Maana Mbili

Katika magereji ya Makupa, pale kisiwa cha Mombasa kinapoagana na njia ya Changamwe, pana neno moja linalobebeshwa mzigo kuliko yote. Gari likikosa nguvu mlimani, kompresheni. Likigoma kuwaka alfajiri, kompresheni. Mvuvi akileta mashine ya mashua yake inayokohoa moshi, jibu ni lilo hilo. Mimi ni mwalimu wa isimu, na sina ugomvi na neno lenyewe. Ninalolalamikia ni kwamba limefanywa kuwa jina la mambo mawili yaliyo mbalimbali, na wanaoulipia mkanganyiko huo ni wenye magari na mashua.

Tuanze na jambo lenyewe. Ndani ya silinda, pistoni hushuka ikavuta hewa na petroli, kisha hupanda ikavibana katika nafasi ndogo iliyo juu yake kabla plagi haijatoa cheche. Kadiri mchanganyiko ule ubanwavyo, ndivyo uwakapo huisukuma pistoni kwa nguvu zaidi. Injini ya Nikolaus Otto ya mwaka 1876 ilibana kwa uwiano usiofika 4 kwa 1. Injini nyingi za petroli za siku hizi hubana kati ya 9 na 12 kwa 1. Zile za dizeli, ambazo hazina cheche na hutegemea joto la hewa iliyobanwa ili mafuta yawake, huanzia kama 14 na nyingine hupita 20. Uwiano huu ni umbo la injini. Hupangwa kiwandani, nao ndio maana ya kwanza.

Maana ya pili ni ile isomwayo na geji, fundi anapoichomeka mahali pa plagi na kuizungusha injini kwa stata. Geji haisomi umbo. Husoma kiasi cha shinikizo kilichosalia baada ya uvujaji. Injini ya petroli yenye afya yaweza kuonyesha ratili 150 kwa kila inchi ya mraba, au zaidi, kwa kutegemea aina yake. Ikichakaa yaweza kushuka hadi 80, ilhali nafasi iliyo juu ya pistoni haikubadilika. Hewa imepenya kwenye ringi zilizolika, kwenye valvu zisizokaa sawasawa, au kwenye gasketi iliyoungua.

Sasa mwenye matatu aje aseme, "Fundi, niongezee kompresheni." Ameomba lipi? Ikiwa ni kurudisha kilichopotea, dawa ni kuziba: ringi mpya, valvu zisagwe, gasketi ibadilishwe. Ikiwa ni kuongeza uwiano, dawa ni kuupunguza uso wa chini wa silinda hedi ili nafasi ya juu ya pistoni iwe finyu zaidi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa fundi ataukwangua ukuta na ufa aliuacha. Silinda zilizokuwa nzima zitabana kupita kiasi, petroli italipuka pasipo mpango, injini itagonga, na mwisho pistoni itatoboka.

Isitoshe, uwiano mkubwa hudai petroli inayostahimili kubanwa. Mwaka 1921, Thomas Midgley wa Marekani aligundua kwamba mchanganyiko wenye madini ya risasi huzuia kugonga, na watengenezaji wakapata nafasi ya kupandisha uwiano. Sumu yake ikaingia katika damu na akili za watoto wa mijini, hata nchi zilizo kusini mwa Sahara zikaiondoa katika petroli kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Kuongeza uwiano si jambo la mchezo.

Mafundi stadi wana kipimo chepesi cha kupambanua. Katika injini ya petroli, humimina kijiko cha oili ya injini katika tundu la plagi, kisha hupima tena. Namba ikipanda, ringi ndizo zenye kasoro. Isipotikisika, huzitazama valvu au gasketi. Silinda mbili jirani zikiwa dhaifu pamoja, hushuku gasketi iliyo kati yake. Lakini ni nani atakayefanya kipimo hiki, ikiwa lugha yake imekwisha kumwambia kwamba ugonjwa ni mmoja?

Nitaambiwa kwamba Kiingereza kina istilahi zote mbili, na kwamba vijana huzisoma katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, kule Tudor, jirani na Makupa. Ni kweli. Lakini mtihani huandikwa kwa Kiingereza na gereji huzungumza Kiswahili. Na mwanagenzi ambaye hakuliona darasa, istilahi hizo atazipata wapi? Upande wa pili wako watetezi wa usafi wa lugha watakaotaka kompresheni itupwe na mgandamizo utawazwe. Hao wataondoa neno moja na kuleta neno moja; mkanganyiko utabaki palepale.

Rai yangu ni hii. Tumwachie fundi kompresheni yake, iwe jina la kile geji isomacho. Kilichopangwa kiwandani tukiite uwiano wa mgandamizo. Mabaharia wa Mji wa Kale hawakuchanganya omo na tezi, kwa kuwa kosa la neno lingeweza kuzamisha chombo. Injini nayo ni chombo. Mwalimu wa fizikia na mwenzake wa Kiswahili wakutane juu ya somo hili, na wanafunzi wapelekwe gereji wakiwa na madaftari, wayaandike maneno ya mafundi kabla ya kuyasahihisha. Hapo atakapoambiwa aongeze kompresheni, fundi atakuwa na lugha ya kuuliza: iliyopotea, au ambayo haikuwapo tangu awali?