Neno Likatwe Kuanzia Nyumbani

Mtoto wa Kaole, kijiji cha magofu ya kale kusini ya mji wa Bagamoyo, hapati taabu akitakiwa kuligawa jina la mji huo katika silabi: Ba-ga-mo-yo. Akiuliza maana yake, wazee humjibu kuwa ni "bwaga" na "moyo", ingawa hadi leo wanabishana ni nani aliyeubwaga: mpagazi aliyetua mzigo pwani, au mtumwa aliyekata tamaa mbele ya bahari. Ubishi huo una faida kubwa kwa mwanafunzi. Unamwonyesha kwamba neno hukatwa kwa namna mbili, kwa sauti na kwa maana.

La kusikitisha ni kwamba mtoto huyo huyo, akifika katika kipindi cha Kiingereza, huanzishwa upya kama asiyejua kitu. Huandikiwa "butterfly" ubaoni, akakaririshwa but-ter-fly. Haambiwi kuwa silabi ni tatu lakini sehemu zenye maana ni mbili, butter na fly, wala kuwa but hiyo ya mwanzo si ile yenye maana ya "lakini". Kesho yake hukutana na "carpet", akaona ndani yake gari na mnyama wa kufugwa, kumbe ni zulia tu, neno lisilogawanyika kimaana. Na "cupboard" je? Limeundwa kwa cup na board, lakini Waingereza wenyewe huimeza p hiyo wanapolitamka. Ndiyo maana Kiswahili, kilichopokea kwa sikio, kina "kabati" lisilo na p yoyote.

Tangu 1967 shule za msingi za umma hufundisha kwa Kiswahili, na sekondari bado hutumia Kiingereza. Anayevuka hapo hukutana na "photosynthesis" na kuliogopa, ilhali tayari analo "usanisinuru": usanisi na nuru. Sehemu ni zile zile, ila zimepishana, kwa kuwa Kiingereza hutanguliza nuru na Kiswahili hutanguliza kazi yenyewe. Mwanafunzi aliyeonyeshwa hivyo mara moja ataweza kuyafungua maneno mengine kwa mkono wake.

Kazi hiyo haidai fedha za kigeni. Inadai ubao, chaki, na mwalimu aliye huru kutaja neno la Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza. Zipo shule ambamo kasumba ya kikoloni ingali hai, na mwanafunzi akitamka neno hilo huadhibiwa.