Picha ya Mjukuu Imekaa Wapi?

Mama mmoja wa Lweba ameniletea swali aliloandika kwa mkono wa binti yake. Mwanawe wa kwanza yuko ng'ambo ya ziwa, katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, ambako Wakongo wengi wa Fizi wamekimbilia tangu mwaka 1996. Juzi juzi mwana huyo alipata mtoto, akatuma picha yake “kwa intaneti”. Kijana wa jirani akaifungua katika simu yake, mama akamwona mjukuu, akapiga vigelegele. Sasa kijana yule anafunga mizigo kwenda Bukavu kutafuta kazi. Mama auliza: “Je, akiondoka, mjukuu wangu ataondoka naye?”

Swali hili si la kuchekwa. Nimekutana na waalimu wenye vyeti wasioweza kulijibu, maana walijifunza kubonyeza kabla ya kujifunza majina ya vitu. Basi tuanze na majina.

Kompyuta, ambayo wengine huko Kenya huiita tarakilishi, ni mashine ipokeayo habari, ikaitengeneza kwa kufuata maagizo, kisha ikaitoa tena. Maagizo hayo ndiyo programu. Mama, simu ile ya jirani yenye kioo cha kugusa nayo ni kompyuta, ijapokuwa yaingia mfukoni. Ndani yake mna kumbukumbu za namna mbili. Ya kwanza ni ya kazi ya wakati huo tu, mfano wa ubao wa darasani: umeme ukikatika, yote hufutika. Ya pili ni hifadhi, mfano wa daftari: yaliyowekwa humo hukaa, hata mashine ikizimwa. Mimi mwenyewe niliandika usiku mmoja alama za darasa zima bila kuagiza zihifadhiwe. Petroli ya jenereta ikaisha. Kesho yake nilianza upya na jina la kwanza, na tangu siku ile nahifadhi kila baada ya majina matano, hata wanafunzi wangu hunicheka.

Sasa intaneti. Wengi hudhani ni kitu kilichomo ndani ya simu. Sivyo. Intaneti ni kompyuta nyingi mno za dunia nzima, zilizounganishwa kwa nyaya na kwa mawimbi ya redio ili zipelekeane habari. Picha ya mjukuu haikuvuka ziwa moja kwa moja kama mtumbwi. Ilitoka katika simu ya baba yake ikaenda kwenye mnara, na kutoka mnarani ikasafirishwa hata ikaifikia seva. Seva ni kompyuta isiyolala, ambayo kazi yake ni kuzihudumia kompyuta nyingine. Huenda iko Ulaya au Marekani. Kutoka huko picha ikarudi mpaka mnara wa upande wetu, ikashuka katika simu ya jirani. Tena haikusafiri nzima. Ilikatwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na anwani na namba yake, navyo vikaungwa tena mwisho wa safari. Ujumbe wa kwanza wa namna hii ulitumwa Marekani tarehe 29 Oktoba 1969, kutoka Los Angeles kwenda Stanford. Mafundi walikusudia kupeleka neno la herufi tano. Zikafika mbili, mashine ikazimika. Nawaeleza habari hiyo wale waonao haya simu yao inapokwama.

Kwa nini basi picha moja hula fedha kuliko barua? Habari hupimwa kwa baiti. Herufi moja ni kama baiti moja. Baiti elfu moja hufanya kilobaiti, na baiti milioni moja hufanya megabaiti, zile “mega” tununuazo dukani. Barua ya herufi elfu mbili ina kilobaiti mbili tu. Picha ya megabaiti mbili ina uzito wa barua elfu moja za namna hiyo. Ndiyo sababu barua hufika upesi, picha ikazunguka-zunguka kiooni kama mwali anayesitasita kuingia.

Turudi kwa mama. Mjukuu amekaa wapi? Yategemea njia aliyopitia. Ikiwa picha ilikuja kwa WhatsApp, kwa kawaida seva hushika ujumbe mpaka umfikie mwenyewe, nao usipopokewa hungoja siku 30. Ukiisha kufika hauwekwi tena huko. Basi picha imo katika hifadhi ya simu ya kijana, nayo itakwenda Bukavu pamoja naye. Simu ikitumbukia ziwani, na kama hakuna nakala ya akiba mahali pengine, picha imepotea. Lakini ikiwa ilikuja kwa barua pepe, imebaki kwenye seva, kama barua iliyoachwa posta. Simu ile na izame, barua yaweza kufunguliwa katika kompyuta yoyote.

Kuifungua kwahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni anwani, ile yenye herufi a iliyozungushiwa mkia, ambayo waweza kumpa kila mtu. Cha pili ni neno la siri, ambalo wengine huliita nywila; hilo hapewi mtu. Hapa ndipo nina neno na mama. Anwani iliyotumika ni ya jirani, na neno la siri ni la jirani. Simwambii amwombe kijana siri yake. Binti yake aliyeandika swali aweza kumfungulia mama akaunti yake mwenyewe, na neno la siri lisiwe jina la mtoto wala mwaka wa kuzaliwa, maana hayo kijiji kizima chayajua. Tena akaunti isiachwe ikalala. Google ilitangaza mwaka 2023 kwamba akaunti isiyotumiwa kwa miaka miwili yaweza kufutwa pamoja na vilivyomo.

Kwa hiyo, mama, kabla kijana hajapanda gari, mwombe airushe picha ile kwenye anwani yako mpya, naye binti ahakikishe imefika kwa kuifungua katika simu nyingine. Kisha, siku ya soko, mmoja wenu aende Baraka kwa fundi wa picha, aichapishe kwenye karatasi. Karatasi haidai neno la siri, wala mega, wala betri.

Juma lijalo nitamjibu baba mmoja aliyepata ujumbe wa kumwambia ameshinda gari, ila kwanza atume namba yake ya siri ya pesa za simu. Baba, usitume kitu mpaka tuonane.