Mtoto wa mchimbaji na kazi ya plani: miaka 3 haina haya

Matokeo ya Exetat ikishatoka, mu site zetu za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi mambo inakuwa namna moja kila mwaka. Watoto wanamwagiwa poda ku kichwa, pikipiki zinapiga honi mpaka usiku, mama anachinja kuku. Kesho yake asubuhi njo swali inaanza: mtoto ataenda kusoma nini? Baba anasema sheria. Shangazi anasema munganga. Mjomba, yule atakayesaidia minervali, anasema ekonomi, juu jirani yake alisoma ekonomi na leo iko na gari. Ni mara chache sana utasikia mzazi anasema: huyu aende kujifunza kuchora plani. Mimi ninafikiri tunakosea, na tunakosea ku fasi ambayo sisi watu wa mine tungepashwa kuona mbele ya wengine wote.

Juu hakuna kazi ya mine inayotembea bila plani. Topografe anashuka mu karyere na aparei yake, anapima. Akipanda, ile mipimo inaenda kwa desinatere, na yeye njo anaigeuza kuwa mistari: ngazi za karyere, njia ya makamio makubwa, fasi maji inasimama, fasi ukuta unaanza kusogea. Ku kiwanda ni vilevile. Kila bomba iko na namba, kila pompi na kila robini iko na fasi yake ku karatasi. Fundi akibadilisha bomba ya asidi na hakuna mtu aliyesahihisha plani, siku ingine mwenzake atakuja kukata ile bomba akifikiri ni ya maji. Baba anayetumika ku kiwanda anajua ninachosema. Mustari ule mumoja ku karatasi unaweza kuwa mikono ya mtu, ao macho yake.

Wazee waliotumika Gécamines wanakumbuka biro ya plani: meza kubwa zilizoinama, karatasi ya kalke, wino, na wembe wa kukwangulia mustari uliokosewa. Kazi ile iliheshimiwa. Desinatere alikuwa na mikono safi, lakini hata porion wa chini ya udongo alimsalimia vizuri, juu alijua bila yule mutu hajui fasi anatoboa. Mwaka 2003, wakati kampuni iliachisha kazi watu zaidi ya 10 000 kwa ile waliyoiita kuondoka kwa kupenda (wengine bado wanajiuliza nani alipenda), mayele mengi ya zile meza ilienda nyumbani pamoja na wenyewe. Wengine walifungua duka, wengine walilima. Wachache walipata kijana wa kumuachia ile kazi.

Leo meza na wembe viliisha. Ni ordinatere. Programu inayojulikana zaidi, AutoCAD, ilitoka Marekani mwaka 1982, na leo hakuna biro ya plani ya mine isiyoijua, yenyewe ao ndugu zake. Na hapa kuko uongo mumoja unaozunguka mu vijana wetu: kwamba ordinatere njo inachora. Hapana. Ordinatere inanyoosha mustari, haiwazi. Kijana aliyejifunza kubonyeza tu kwa miezi mbili mu chumba cha intaneti, akapata karatasi yenye mhuri, ataweza kukopia nyumba ya wengine. Mwulize sasa: huu ukuta unabeba dari ao haubebe? Ngazi hii iko na urefu gani kwa kila kipandio? Maji ya choo inaenda wapi? Atanyamaza. Yule mutoto hakudanganywa na mashini, alidanganywa na aliyemuuzia ile karatasi.

Sasa tufike ku masomo yenyewe, juu hapa njo wazazi wengi wanachanganyikiwa. Sisi wote tunajua ngazi za kazi: A2 ni yule wa diploma ya Serikali kutoka humanités techniques, A1 ni yule wa graduwa, miaka 3 nyuma ya diploma, A0 ni miaka 5, enjeniere ao lisansi ya zamani. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022, nchi yetu imeingia mu LMD. Graduwa inatoka, na lisansi mpya iko miaka 3, krediti 180. Mwenye kutaka kuendelea anaongeza masta, miaka 2, krediti 120. Unaona fasi mtego iko? Jina la lisansi limebaki, lakini urefu wake umekatwa. Baba anayesikia mtoto iko lisansi anafikiri ni A0 ya zamani. Na mwingine, kinyume chake, anasikia miaka 3 na anaona ni masomo ya nusu, anakasirika: «Nilishuka mu shimo miaka yote hii juu upate miaka 3?»

Baba, miaka 3 haina haya. Ninasema vile juu ya hesabu, haina kumufariji mtu. Mfuko wa familia ya mine haulingani na mfuko wa mwalimu ao wa karani. Unajaa haraka na unakauka haraka. Mwaka 2018 bei ya kobalti ilipanda sana, 2019 ikaanguka, na wangapi walitoa mtoto ku iniversite ule mwaka? Mwezi wa pili 2025 Serikali ikasimamisha kuuzisha kobalti inje. Ku kila pigo namna hii, wa kwanza kurudi nyumbani ni mwanafunzi. Mtoto aliyeanza safari ya miaka 5 na akasimama katikati bila kugusa diploma yoyote, huyo njo huzuni kubwa. Lakini yule aliyemaliza lisansi ya miaka 3 mu majengo ao mu kuchora plani, hata mufuko ukikauka kesho, iko na kitu mukononi. Anatumika. Akipata franka, anarudi kutafuta masta, yeye mwenyewe analipa.

Kuwa arkitekte ni kitu kingine, na sitaki mutu aseme ninavunja ndoto ya watoto. Arkitekte ni yule anayewaza nyumba, mtaa, muji. Anaweka sahihi yake na anabeba mzigo kama kitu kimeanguka. Ile inaomba miaka yote 5. Mu Kinshasa kuko ISAU kwa arkitektire na mipango ya miji, na INBTP kwa majengo na kazi za barabara. Nyumba nzuri, waalimu wazuri. Lakini hesabu tena: kutoka Lubumbashi mpaka Kinshasa ni zaidi ya kilometa 1500 hata kwa ndege, na reli yetu inakomea Ilebo, kisha ni mto. Mtoto atalala wapi, atakula nini? Kama uko na ndugu wa kweli kule, na mtoto anachora tangu utoto mpaka ku kuta za jikoni, mutume. Kama hapana, aanzie karibu: kwanza humanités techniques, option ya konstruksio, kisha lisansi ya karibu, kisha tutaona.

Hata Marekani, nchi ambayo vijana wanaiota usiku na mchana, watoto wa watumishi wengi wanapita njia ya namna hii. Kuko masomo ya mitaa ya miaka 2, yenye bei ya chini, fasi unajifunza kuchora majengo kwa ordinatere na kupata diploma ya kwanza. Kuko diploma ya kukuingiza moja kwa moja mu kazi, na kuko ya kukupeleka mbele ku iniversite. Anayechagua ya kazi, siku anapenda kuendelea, mara nyingi anakuta sehemu ya masomo yake haihesabiwe. Kwa hiyo wanauliza mbele ya kuingia. Sisi tunauliza nyuma ya kulipa.

Basi mama, baba, mukienda kuandikisha mtoto, musiangalie rangi ya ukuta na jina kubwa ku mlango. Ulizeni ordinatere ngapi zinatumika, kwa wanafunzi wangapi. Mukikuta moja kwa watoto kumi na tano, mutoto wenu ataangalia mugongo wa mwenzake miaka 3. Ulizeni umeme ukikatika, kuko injini? Mwalimu wa plani alishajenga kitu, ao anajua tu kitabu? Staje inafanyikia wapi, na nani anamutafutia mutoto ile fasi? Juu tunajua staje mu kampuni kubwa inapatikana namna gani: kwa jina la familia. Ulizeni pia kama ile lisansi inafungua mlango wa masta, na wapi, kwa maandishi. Na kama ordinatere ya nyumbani inapatikana hata ya mukono wa pili, kampuni ya AutoCAD inaachia wanafunzi programu yake bila malipo, mwaka kwa mwaka, na kuko zingine za bure kabisa kama LibreCAD na FreeCAD. Hakuna sababu ya kununua kopi ya wizi mu soko yenye virusi tele.

Watoto wanawake wasisahauliwe hapa. Mu kazi ya kuchimba wanafukuzwa ku mashimo, wanaachiwa kuosha mawe mu maji mabaya. Meza ya plani haiombe mabega. Inaomba jicho, uvumilivu na usafi wa kazi, na mimi nimeona wasichana wanaoshinda kaka zao mbali sana.

Kuko tena sababu ingine, na kwangu njo nzito zaidi. Sisi tunaishi juu ya mawe ambayo wengine wanatafuta. Watu wa Kasulo, mu Kolwezi, walijua hiyo mwaka 2014 wakati kobalti ilionekana chini ya nyumba zao: watu walichimba mu chumba cha kulala, mu lupango, mpaka chini ya njia. Mwaka 2017 familia nyingi ziliondolewa na ukuta ukajengwa. Siku ile watu wanakuja kuhesabu nyumba yako, wanakuja na karatasi. Vyumba ngapi, ukuta wa matofali ya kuchomwa ao ya udongo, choo, kisima, miti ya maembe. Sheria iko: masharti ya mine ya mwaka 2018 iko na sehemu nzima, annexe XVIII, inayosema namna ya kuhamisha watu na kuwalipa. Lakini sheria inahesabu kile kilichoandikwa. Familia ambayo iko na plani ya parsele yake, yenye vipimo na tarehe, inabishana kwa nguvu. Ile isiyo nayo inaweka kidole fasi inaonyeshwa. Mtaa mmoja ukiwa na desinatere wawili watatu, watoto wa palepale, ile siku haitakuwa sawa.

Na mbele ya ile siku, kuko nyumba za kila siku. Masoni wetu wako na mikono ya zahabu, lakini wanajenga kwa kukumbuka. Choo kinawekwa mita chache na kisima, maji ya mvua ya jirani inaingia mu salo, chuma inatiwa mingi fasi haihitajike na inakosa fasi ya kubeba. Plani ya nyumba ndogo inaokoa simenti zaidi ya bei yake. Kijana wa lisansi anaweza kuishi na ile kazi hata kama hakuna mine iliyomwita.

Pesa ya kuwafundisha vizuri itatoka wapi? Sheria ya mine ya 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya watu wanaoishi karibu, na zaidi ya hapo kuko ile kaye de sharje ambayo kampuni inaandikiana na vijiji. Tumeona namna inatumika: vyumba vya masomo, santre ya afya, pompi. Ni vizuri, sikatae. Lakini plani ya vile vyumba ilichorwa na nani? Mara nyingi na biro ya mbali, na watoto wetu wanabeba matofali. Sheria ya 2017 juu ya sous-traitance inaachia kazi ya namna ile kwa kampuni ambazo mtaji wake mkubwa ni wa Wakongomani. Tukiwa na wachoraji wetu, tutaweza kudai pia karatasi yenyewe, tusiombe paka toroli.

Kwa hiyo, wale wanaokaa mu komite kwa jina letu, mukikutana tena na kampuni, musirudi na ahadi ya jengo lingine lenye rangi ya kampuni. Ombeni ku masomo ya ufundi ya hapa salle moja yenye ordinatere 20, mashini ya kutoa plani kubwa, injini ya umeme na pesa ya mazutu yake, na fasi za staje kila mwaka zinazopigiwa mtihani hadharani, majina yakibandikwa ku mlango.