Gari Linapochemsha Uwanjani

Ndugu msomaji, huko Ulaya na Marekani umeenea mchezo ambao huku kwetu wengi tunausikia tu. Mtu mwenye gari dogo la kasi, ambalo siku za kazi humpeleka ofisini na kumrudisha nyumbani, hulipa kiingilio akaliingiza katika uwanja wa mbio za magari, akaliendesha kwa nguvu zake zote pasipo hofu ya watembea kwa miguu wala ya magari yanayokuja mbele yake. Hayo si mashindano. Hakuna kikombe wala mshindi. Uwanja wa Nürburgring nchini Ujerumani, uliofunguliwa mwaka 1927, hupokea madereva wa namna hiyo kwa wingi, na kadhalika uwanja wa Brands Hatch nchini Uingereza.

Walakini liko jambo moja linalowashangaza wageni wa mchezo huu. Gari ambalo halijapata kuchemsha hata katika foleni za jua kali, linachemsha baada ya raundi nne au tano tu za uwanja. Mwenyewe huona kuwa ameuziwa gari bovu, akaenda dukani kununua rejeta kubwa na mapambo mengine. Aghalabu gari si bovu, na mara nyingi rejeta siyo ya kwanza kulaumiwa. Kinachokosekana ni kufahamu joto linatoka wapi, na linapita njia gani hadi likatoka nje.

Tuanze na hesabu. Katika injini ya petroli, takriban theluthi moja ya nguvu iliyomo katika mafuta ndiyo inayozungusha magurudumu. Sehemu nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki huingia katika chuma cha injini na kuchukuliwa na maji na oili. Chukua mfano wa gari la Mazda MX-5, lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Chicago mwaka 1989, na ambalo ni mwanafunzi wa kawaida katika viwanja hivi. Injini yake ya kwanza, ya lita 1.6, hutoa kilowati zipatazo 85 inapokanyagwa hadi mwisho. Maana yake ni kwamba maji ya rejeta hayana budi kupokea kiasi cha joto kinachoweza kukaribia nguvu hiyo yenyewe, sawa na birika thelathini au zaidi za umeme zikichemka kwa pamoja chini ya boneti moja. Mjini, dereva hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu hizo, na kwa nukta chache. Uwanjani huzitumia karibu muda wote. Basi moto huwashwa na mguu wa kulia wa dereva, na mfumo wa kupoza uliotengenezewa safari za mjini hujikuta umebebeshwa mzigo wa siku nzima kwa robo saa.

Sasa tutazame upepo. Hapa ipo njia nyepesi ya kutambua ugonjwa. Gari likichemsha likiwa limesimama au likitambaa katika foleni, na kupoa linapokwenda mbio, mtuhumiwa wa kwanza ni feni. Likichemsha linapokwenda mbio, feni haina hatia, maana katika mwendo huo upepo wa safari una nguvu kuliko wa feni. Hapo ichunguzwe rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, maji yaliyopungua, au upepo unaopotea njiani.

Neno hilo la mwisho husahauliwa na wengi. Upepo, kama maji ya mto, hufuata njia rahisi. Ukiona kuna nafasi pembeni ya rejeta, utapita pembeni, na wala hautajisumbua kupenya katika vijitundu vyembamba vinavyopoza maji. Kwa hiyo fundi mwenye busara, kabla ya kuuza rejeta mpya, huziba nafasi zote kati ya bampa na rejeta kwa sponji au bati jembamba, ili kila upepo unaoingia kwa mbele ulazimike kupita ndani ya rejeta. Tena huhakikisha kwamba lile bamba la chini ya injini, ambalo mafundi wazembe hulitupa wakibadilisha oili, limerudishwa mahali pake, kwa kuwa ndilo linalouongoza upepo na kuusaidia kutoka. Kazi hiyo gharama yake ni ndogo, na faida yake huonekana siku hiyo hiyo.

Baada ya upepo yako maji. Maji matupu huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi usawa wa bahari. Lakini kifuniko cha rejeta hakikuwekwa ili kuzuia maji yasimwagike tu. Kifuniko huyabana maji kwa shinikizo, na kinachohimili shinikizo la bar 1 hivi juu ya lile la hewa huyawezesha maji kufika karibu na nyuzi 120 kabla ya kuchemka. Mpira wa kifuniko ukichoka, shinikizo hupotea. Maji huchemka mapema, na mahali penye moto mkali hugeuka mvuke. Mvuke hauwezi kuchukua joto la chuma kama yafanyavyo maji. Ndiyo maana kifuniko cha bei ndogo kinaweza kuua injini ya bei kubwa.

Kuna pia suala la kulanti. Katika nchi za baridi watu huchanganya maji na dawa ya glaikoli, kwa kawaida nusu kwa nusu, ili yasigande wakati wa theluji na kupasua injini. Lakini mchanganyiko huo hubeba joto kidogo kuliko maji safi. Kwa sababu hiyo wengi wa madereva wa viwanjani hutia maji yaliyotoneshwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, wakayamwaga kabla ya majira ya baridi. Kutu ni adui wa pili wa rejeta, na maji ya bomba yenye chumvi ni rafiki mkubwa wa kutu.

Iko sababu nyingine ya kuiogopa glaikoli uwanjani, nayo yahusu maisha ya watu. Glaikoli ni telezi, tena haikauki upesi kama maji. Mpira ukipasuka na kuimwaga katika kona, dereva wa nyuma huikuta asijue, akateleza hadi ukutani. Viwanja kadhaa huikataza kabisa. Kwa hiyo anayekwenda uwanjani na mipira iliyopasuka-pasuka na klipu zilizolegea haihatarishi mali yake peke yake. Anamwekea mtego mtu asiyemjua, ambaye naye ana mke au mume na watoto wanaomngojea nyumbani.

Turudi kwa MX-5, maana ina fundisho jingine. Injini ile ya zamani ilitokana na injini ya gari la familia, iliyolazwa kwa upana chini ya boneti. Huko, maji yaliingia kwa upande mmoja wa injini na kutokea upande wa pili. Ilipogeuzwa na kuwekwa kwa urefu katika MX-5, njia ya kutokea ililetwa mbele, upande ule ule wa pampu. Matokeo yake, silinda za nyuma hupata mkondo dhaifu kuliko za mbele. Barabarani dosari hii haidhuru kitu. Uwanjani, silinda ya nne huweza kupata joto kupita wenzake wakati geji inaonyesha salama. Mafundi waliogundua hayo huihamisha thamostati na kuipeleka nyuma, maji yakapita injini nzima kabla ya kutoka. Ukubwa wa rejeta, basi, si hoja ikiwa maji hayafiki penye moto.

Kuhusu thamostati yenyewe, wapo wanaodai kwamba dawa ya kuchemsha ni kuing'oa na kuitupa. La hasha! Katika baadhi ya injini, thamostati ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato. Ukiing'oa, sehemu ya maji hurudi injini bila kupita katika rejeta, na ulilolikimbia ndilo unalolipata. Iliyoharibika ibadilishwe kwa nyingine nzima.

Oili nayo isisahauliwe, kwani ndiyo inayopoza pistoni na beringi, mahali ambapo maji hayafiki. Oili hupata joto polepole kuliko maji, na hupoa polepole vile vile. Wengi huzichukulia nyuzi 130 kuwa ni alama ya kupunguza mwendo, kwa sababu oili iliyozidi kuwa nyepesi haiwezi kutenganisha chuma na chuma. Kwa injini inayofanya kazi ya namna hii mara kwa mara, rejeta ndogo ya oili yaweza kuwa na maana kuliko kubwa ya maji. Aidha kipimo cha oili kitazamwe kabla ya kila kipindi, na kiwe karibu na alama ya juu, pasipo kuivuka.

Na geji? Geji ya gari la siku hizi mara nyingi ni mpole mno. Imetengenezwa isimtie hofu mwenye gari, ikabaki katikati hata joto likipanda kwa nyuzi nyingi, kisha ikaruka ghafla mambo yakiwa yamekwisha haribika. Anayekwenda uwanjani afunge geji yenye tarakimu. Maji yakifika nyuzi 110, na yapewe nafasi ya kupumzika. Tena ajihadhari na jambo hili: mshale uliokuwa juu ukianguka ghafla, asishangilie. Huenda maji yamekwisha, na kipimo kimebaki hewani. Hapo injini izimwe mara moja, gari likishakaa mahali pa usalama.

Lakini kipozaji kilicho bora kuliko vyote hakiuzwi dukani, nacho ni akili ya dereva. Raundi ya kwanza ni ya kupasha oili joto. Zinazofuata ni za mbio. Ya mwisho ni ya kupoza: gia ya juu, mizunguko michache ya injini, breki kwa nadra, upepo ufanye kazi yake. Kipindi cha dakika 15 kinatosha. Joto likipanda kabla ya hapo, dereva aondoe mguu, apishe wenzake, afungue hita ya ndani hadi mwisho, kwani hita ni rejeta ya pili, kisha atoke uwanjani. Akifika, afungue boneti, asifungue kifuniko. Maji ya nyuzi 110 yaliyobanwa hulipuka yanapopata hewa, na wengi wameungua uso na mikono kwa haraka ya dakika moja. Wala asimwagie maji baridi injini yenye moto, maana silinda hedi ya aluminiamu hupinda, gasketi ikaungua, na bei ya matengenezo ikakaribia bei ya gari lenyewe.

Pengine utauliza yatufaa nini haya sisi tusio na magari ya kasi. Katika Nürburgring, kutoka Breidscheid hadi Hohe Acht, barabara hupanda mita zipatazo 300, na dereva huipanda akiwa amekanyaga mafuta kwa sehemu kubwa ya njia. Lori lililosheheni linalopanda Kitonga nalo limekanyagwa hivyo hivyo, tena pasipo upepo wa mbio wa kulisaidia, likitegemea feni peke yake. Kanuni ni ile ile: kifuniko kizima, mipira mizima, maji safi, na dereva anayekubali kupumzika kabla injini haijamlazimisha.

Mwenye gari ana hiari ya kusimama mapema kwa dakika 10. Akiikataa, atasimama kwa majuma, na huenda akamsimamisha na mwenzake asiye na hatia. Hadi Jumapili ijayo, safari njema.